Kandili ya Chura

Jina lake la kuzaliwa alilijua mama yake, ambaye ni marehemu, na karani wa vitambulisho, ambaye alilikosea. Wengine wote humwita Chura, naye huitika bila kinyongo, kwa sababu zaidi ya nusu ya maisha yake ameyamaliza ndani ya mashimo yenye maji, na hata akikaribishwa sebuleni kwa watu hupenda kuchutama pembeni kuliko kukaa kitini. Ni mchimba visima, mtoto wa mchimba visima. Ana mabega ya mpagazi, magoti ya babu wa babu yake, na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na walio juu akiwa chini. Akikuomba chumvi mezani unaweza kudhani kuna mtu anazama.

Magoti yalipogoma, yeye alibaki juu kushika kamba, na shimoni akaanza kushuka mdogo wake, Sindano, mtu mwembamba ambaye mvua ikinyesha inabidi imtafute. Wamefanya kazi hivyo miaka mitatu. Sindano anachimba, anajaza ndoo, anatikisa kamba mara moja. Chura anavuta, anamwaga udongo, anarudisha ndoo. Wanataniana kutwa nzima bila kuonana sura, na watu wa nyumba husika husogeza vigoda karibu ili wasipitwe na matusi.

Katika kazi hiyo kuna sheria moja tu, ambayo baba yao aliwaachia badala ya shamba. Kabla mtu hajashuka, kandili inashuka kwanza. Unaiwasha, unaifunga kwenye kamba, unaiteremsha taratibu mpaka chini. Ikizima, maana yake huko chini hakuna hewa ya binadamu, na wewe unakaa pembeni, unapepea shimo kwa tawi, unapiga soga, unasubiri. Ikiendelea kuwaka, unashuka, unaitundika kwenye kigingi karibu na bega lako, na unafanya kazi nayo kama mwenzako. Siku ikizima begani, unatikisa kamba mara tatu na unatoka, hata kama umebakiza ndoo moja kufikia maji.

Ng'ambo ya mto aliwahi kuwepo fundi mwingine aliyecheka habari ya kandili. Alisema yeye pua yake inamtosha. Siku moja alitolewa shimoni, akabebwa chali juu ya mlango wa choo, na pua yake ikiwa mahali pake kabisa, haina kasoro. Chura, kwa upande wake, amechimba visima sitini na viwili na hajampoteza mtu. Hana cheti cha aina yoyote, hana nyumba ya bati, lakini hilo analo, na ukimnywesha chai vikombe viwili atakwambia mwenyewe bila kuulizwa.

Halafu gesi ikapatikana.

Ilikuja na magari meupe, hema, viti vya plastiki na maji ya chupa. Afisa Uhusiano wa kampuni, kijana mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, alisimama akahutubia kuhusu fursa. Sindano alihesabu neno hilo mara kumi na tisa, akaacha kuhesabu kwa sababu vidole vya miguu navyo vilikaribia kuisha. Kila mtu akapewa fulana. Kwa miezi sita kijiji kizima kilivaa sare kama timu iliyofungwa mechi zote, na hata sanamu ya kutishia ndege shambani kwa mwalimu mkuu ilivalishwa yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio mpaka watu wakaanza kupoteana katika kijiji walichozaliwa. Barabara ilitanuliwa usiku mmoja ikameza vibaraza vya watu. Aliyekuwa na banda la mbuzi aliwatoa mbuzi akaingiza vitanda, akaita gesti, na kwa maoni ya Chura mbuzi walikuwa hawalalamiki kiasi hicho. Walimu wanne kati ya sita waliacha chaki wakaenda kuendesha magari ya kampuni. Mwalimu mkuu akawa anafundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja kupitia dirishani, huku hesabu kule historia, na watoto wa dirisha hilo wanatoka wakijua kwamba vita fulani vilianza mwaka wa sita mara nane. Nyuma ya kilima walisimamisha bomba refu lenye moto juu yake, unaowaka mchana na usiku. Majogoo walichanganyikiwa, wakawika saa nne, saa saba, saa kumi, mwishowe wakakata tamaa wakanyamaza. Nguzo za umeme nazo zilikuja, ndefu na za kupendeza, zikapita juu ya kijiji bila kudondosha hata waya mmoja, zikaendelea zake mjini.

Na maji yakashuka. Kampuni ilikuwa imechimba visima vyake vya mashine, vya kwenda chini mpaka kusikojulikana, kwa sababu kuchoronga gesi kunahitaji maji kuliko hata kufua. Visima vya kijiji vikaanza kukauka kimoja baada ya kingine, na kila aliyekaukiwa alikwenda kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo Chura alipoonja utamu wa maendeleo. Maisha yake yote hajawahi kuwa na foleni ya wateja. Sasa ilifika mlangoni kabla hajaswaki. Kila kisima kilitaka kurefushwa, mita tano, mita nane, mita kumi na mbili. Mkewe alinunua godoro la pili. Sindano alianza kujenga. Chura alijua vizuri kabisa bahati yake inatokea wapi, ila hakuwa mtu wa kuichokoza bahati kwa maswali.

Jambo la kwanza geni lilitokea kwa mwalimu mkuu. Waliteremsha kandili kama kawaida. Haikuzima. Ilifanya kitu kingine: ulimi wa moto ulirefuka, ukapanda ndani ya kioo mwembamba kama unyasi, na juu yake ukavaa kofia ya rangi ya buluu iliyopauka.

"Umeona hiyo?" Chura akauliza.

"Nimeona. Hewa ya huku imenona," Sindano akajibu. "Labda kwa sababu ni kwa mwalimu."

Sheria ya baba ilisema habari ya taa kuzima. Habari ya taa kuwaka kupita kiasi haikusema neno, na Sindano alikwishavua shati. Alishuka, akachimba, akatoka na maji. Maji yenyewe yalikuwa na vipovu. Watoto wa mwalimu waliyaita soda, wakaringia wenzao.

Kisima kilichofuata, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Cha nne ulimi wa moto uligusa kofia ya bati ya kandili na kuacha doa jeusi. Sindano akawa anashangilia kila wanapofungua shimo lenye moto mrefu, anasema siku hizi hawahitaji hata kupepea. Chura alicheka naye, lakini alianza kushika kamba kwa mikono miwili mahali ambapo zamani alishika kwa mmoja.

Kazi ya tano ilikuwa ya damu yao wenyewe. Dada yao mkubwa, mjane mwenye kilo tisini na tano na asiyejua kuomba kitu kwa upole, alikuwa amemaliza gesti ya vyumba sita. Wafanyakazi kumi na wawili wa kampuni walikuwa wanahamia Jumatatu saa kumi na moja jioni. Vitanda vilikuwepo, mapazia yalikuwepo, picha ya maporomoko ya maji ilitundikwa ukutani. Maji ndiyo hayakuwepo. Kisima cha uani kilikuwa kimekauka kama koo la mlevi asubuhi.

"Jumatatu alfajiri mnaanza," aliwaambia. "Na nyie msije na zile hadithi zenu za kukaa mnapepea shimo kama mnachoma nyama."

Jumapili mchana Chura alikwenda kumwona binti yake aliyeolewa kijiji hicho hicho. Mkwe wake alikuwa mlinzi wa kampuni, kijana mpole mwenye koti la kung'aa ambalo hakulivua hata akienda kuoga, kwa maelezo ya mkewe. Juu ya runinga inayotumia sola kulikuwa na kidude cha njano, kidogo kama kiatu cha mtoto, kimefunguka mgongo.

"Hiki nacho ni simu?" Chura akauliza.

"Hapana, baba. Ni kifaa cha kazini. Kila mlinzi anapewa chake, anavaa kifuani."

"Mbona kimetobolewa matumbo?"

Mkwe akaona aibu kidogo. "Betri ziko kwenye rimoti. Kinapiga kelele, baba. Nikirudi nacho nyumbani kinalia hata hatuwezi kuangalia tamthilia."

"Kilikuwa kinalia jikoni," binti yake akadakia kutoka mlangoni, "na kule kisimani ndiyo kabisa. Mtoto akawa halali. Nikamwambia achague, mimi au hicho."

Chura akaweka kikombe chini. Kisima hicho alikuwa amekirefusha yeye na Sindano, mwezi mmoja nyuma. Cha pili kwa moto mrefu.

"Kinalilia nini, mkwe?"

"Gesi, baba."

"Ile inayoua taa?"

"Hiyo siijui. Hii ni ile inayowaka. Kule kazini kikilia tu, ni kukimbia. Getini tunawanyang'anya watu viberiti, sigara, hata simu. Juzi mhandisi mzima alirudishwa nyumbani kwa ajili ya kiberiti cha gesi alichosahau mfukoni."

Runinga ilikuwa inaonyesha watu wawili wakikumbatiana kwenye mvua. Chura alinyoosha mkono akachukua rimoti, akatoa betri moja baada ya nyingine, akaziweka ndani ya kidude mwenyewe. Kikawasha taa ya kijani. Akatoka nacho uani, akachutama kwenye mdomo wa kisima, akanyoosha mkono juu ya shimo.

Kidude kikapiga mayowe kama mtoto aliyemwagiwa uji wa moto. Kuku wakaruka ukuta.

Chura hakuondoa mkono. Alibaki amechutama, kidude kinalia, na kichwani mwake visima vilikuwa vinapita kimoja kimoja: cha mwalimu mkuu, hiki, cha mwenye gesti ya mbuzi, cha mjane wa kona. Katika vyote hivyo alikuwa amemteremsha mdogo wake kwa mikono yake miwili, na pembeni ya sikio lake akamtundikia moto.

Jioni hiyo alimfuata Sindano kwenye nyumba yake isiyo na paa.

"Kesho hushuki."

"Dada atatumeza."

"Atumeze. Hushuki mpaka nirudi kutoka ofisini kwa kampuni. Nataka mtu aliyesoma aniambie kilichomo humo shimoni."

Sindano alikuwa anachanganya zege na hakuacha. "Kaka, baba alisema taa ikizima usishuke. Alisema pia taa ikiwaka usishuke?"

"Baba hakuwahi kuchimba jirani na hawa watu."

"Basi nishuke bila taa."

"Ukishuka bila taa utajuaje kama hewa ipo?"

"Nishuke na taa je?"

Miaka thelathini taa ilikuwa inamwambia Chura kila kitu. Sasa bila taa hujui kama utakosa pumzi, na ukiwa nayo hujui kama utageuka mkaa.

"Kesho hushuki," akarudia, akaondoka.

Ofisi ya Afisa Uhusiano ilikuwa ndani ya kontena lililopakwa rangi nyeupe, na ndani kulikuwa na baridi ya kugandisha samli. Asubuhi ya Jumatatu Chura alichutama ukutani kwa mazoea, akaombwa akae kitini, akakaa ukingoni. Alieleza yote: moto mrefu, kofia ya buluu, vipovu, kidude, ila hakumtaja mkwe. Afisa alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa mpangilio maalumu, kama aliyefundishwa semina. Kisha akatoa Fomu ya Malalamiko. Ilikuwa na visanduku vinne: vumbi, kelele, mifugo, mengineyo.

"Tuweke mengineyo," Afisa akasema.

"Mtu akilipuka ni mengineyo?"

"Mzee wangu, hakuna atakayelipuka. Gesi yetu iko kilomita tatu chini, chini ya mwamba. Haiwezi kupanda kwenye kisima chako. Hiyo unayoiona ni majani yaliyooza zamani. Ni ya asili kabisa."

"Kwa hiyo ya kisimani sio yenu."

"Sio yetu."

"Ni yangu."

"Ni... ni ya eneo lako, ndiyo."

"Basi naomba uniandikie hapo, na muhuri. Gesi ya visimani ni ya wenye visima. Dada yangu ana gesti, tutaivutia jikoni."

Afisa akaacha kutikisa kichwa. "Hapana, mzee. Gesi yoyote iliyo ardhini ni mali ya taifa, na kampuni ndiyo yenye leseni. Huwezi kuitumia. Huwezi hata kuichota."

"Nimekuelewa," Chura akasema polepole. "Ikiuzwa ni yenu. Ikilipuka ni yangu."

Afisa alifungua droo, akamtolea fulana. Chura alikuwa bado anaitazama, ni ya saizi ya mtoto, simu yake ilipolia. Alikuwa dada yake, ambaye haamini kwamba simu hupeleka sauti, hivyo huipeleka mwenyewe. Hata Afisa alisikia kila neno.

"Wewe endelea na mikutano yako huko na wakubwa wenzio. Kazi huku inakwenda. Mdogo wako kashashuka, anagonga mwamba, anasema maji hayako mbali."

"Nani kashika kamba?"

"Nimeshika mimi. Kwani kamba inataka digrii?"

"Taa ikoje?"

"Inawaka vizuri sana. Ndefu, mpaka raha."

Chura hakukumbuka alivyotoka kwenye kontena. Alikumbuka pikipiki, na dereva akiuliza kama anawahi mgonjwa, na yeye akisema ndiyo kwa sababu ndilo jibu fupi. Aliposhuka mbele ya gesti, magoti yalikataa, akayalazimisha.

Dada yake alikuwa uani, amejifunga kamba kiunoni mizunguko miwili, ameegemea nyuma kama meli iliyotia nanga. Mpishi wa gesti alikuwa upande wa pili wa ua akimenya viazi, mgongo umegeukia kisima. Hewa ilikuwa na harufu fulani, hafifu, kama ya tope lililofunikwa muda mrefu.

Chura akalala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo akatazama chini. Mita kumi na nane huko, aliona utosi wa mdogo wake, aliona kandili kwenye kigingi, moto wake umejaa kioo chote. Na aliona jambo lingine. Mtaimbo wa Sindano ulikuwa umefungua ufa kwenye mwamba. Maji yalikuwa yanatoka ufani yakichemka bila joto, na juu ya maji hayo kulikuwa na moto mdogo, wa buluu, unarukaruka kama kitu kinachocheza.

"Kaka, umerudi?" Sauti ya Sindano ilipanda ikiwa imejaa furaha. "Njoo uone maajabu. Maji yanawaka."

Chura alijua sauti yake mwenyewe ilivyo, ndiyo maana alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kazini. Alinong'ona.

"Sindano."

"Naam."

"Uache mtaimbo. Usiutupe. Uulaze, kama unalaza mtoto."

"Una nini wewe?"

"Ulaze."

Utosi wa Sindano ukainama, ukainuka. "Umelala."

"Weka mguu kwenye ndoo. Shika kamba."

"Kandili je? Niizime?"

"Usiiguse. Usiipumulie. Iache ilipo."

"Kuacha kandili ya baba humu? Wewe unaumwa."

"Ndiyo, naumwa. Panda."

Akamgeukia dada yake, akamwambia ageuke aelekee geti na atembee, asisimame mpaka aambiwe. Sijui aliona nini usoni kwa Chura, ila mwanamke yule ambaye hajawahi kutii hata taa za barabarani mjini aligeuka akatembea. Kilo tisini na tano zilivuka ua hatua kwa hatua, kamba ikikaza, kapi likilia, na Chura akiongoza kamba kwa viganja ili ndoo isiguse ukuta, maana kokoto moja ikianguka kwenye kioo kile basi. Alihesabu mita kwa mafundo. Fundo la kumi. Fundo la kumi na nne. Chini yao moto mdogo ulipanuka ghafla, ukapiga kishindo cha chini chini, kama mtu aliyekung'uta blanketi zito, na upepo wa moto ukapanda shimoni ukarudi.

Sindano alitoka akiwa anacheka. Alikaa chini, akajifuta uso, akaendelea kucheka, kisha kicheko kikapungua. Alikuwa anapapasa juu ya macho yake.

"Nyusi zangu ziko wapi?"

Alikuwa na uso laini kama yai, na kope zake zilikuwa zimejikunja kama nyuzi zilizopita kwenye mshumaa.

"Ungechelewa mafundo manne tu, angeungua," Chura akamwambia dada yake. Alisema bila hasira, kama anayetoa vipimo. Dada yake akafungua kamba kiunoni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Afisa Uhusiano alifika saa nane mchana. Alichungulia shimoni mara moja, haraka, kwa shingo ndefu na miguu iliyokaa mbali. Akapiga picha. Akasema ni jambo la kuvutia kitaalamu na kwamba wasilizungumze ovyo, wataalamu watakuja wiki ijayo, ratiba ikiruhusu. Kisha akazungushia kisima utepe wa plastiki, mwekundu na mweupe, akaufunga fundo la kipepeo, akaondoka. Kwenye gari, dereva wake alikuwa hajazima injini.

"Kandili uliitia mafuta kiasi gani?" Chura akamuuliza mdogo wake.

"Kifuniko kimoja na nusu. Ya kuwaka saa mbili tu, tungekula halafu niongeze."

Sindano alikuwa ametoka shimoni kabla ya saa nne. Sasa ilikuwa saa tisa. Wote wawili walitazama mdomo wa kisima, ambako ukuta wa juu ulikuwa bado unameremeta kwa mwanga wa buluu, unapanda na kushuka. Sindano akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Wageni walifika saa kumi na moja kamili, wanaume kumi na wawili kwenye basi dogo la kampuni, na dada alikuwa amevaa kitenge kipya, ameweka ndoo kumi za maji ya kununua mlangoni. Aliwakaribisha kwa vigelegele viwili. Wa kwanza kushuka alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu zenye mvi na kidude cha njano kifuani. Aliuona utepe uani. Alichukua hatua tatu kuelekea huko na kidude kikaanza kulia. Akasimama. Hakwenda kuchungulia. Alirudi kwenye basi akasema maneno machache ndani, na wenzake waliokuwa wameanza kuteremsha mabegi wakayarudisha bila kuuliza.

"Jamani, vyumba viko tayari," dada akasema. "Mashuka ni mapya. Hata kama maji..."

Hawakuwa wakali, walikuwa na adabu zote. Mmoja alimwinamia kidogo kama watu wanavyomwinamia mfiwa, kisha akaingia ndani ya basi.

Mtu wa ndevu alibaki wa mwisho. Chura akamfuata mpaka dirishani.

"Wewe unaijua hii kitu," Chura akasema. "Tufanye nini?"

"Visima kama hiki viko vingapi kijijini?"

"Sitini na viwili. Vyote nimevichimba mimi. Mwaka huu nimerefusha kumi na vinne."

"Viko mbali na nyumba?"

Chura akatazama kisima, kisha mlango wa jiko. Fahari ya kazi yake ilikuwa ni kuchimba uani, hatua chache kutoka jikoni, ili akina mama wasitembee.

Mtu yule alitazama juu ya bega la Chura. Ilikuwa saa ya kupika. Moshi ulikuwa umeanza kupanda, kwanza kwa jirani, kisha upande wa shule, kisha kila mahali, nyuzi nyembamba zilizonyooka kwa sababu hakukuwa na upepo.

"Waambie wazime," akasema. Kioo kikapanda, basi likaondoka.

Sindano alichukua upande wa shule, mbio, na Chura akachukua upande wa chini kwa mwendo wa magoti yake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye watoto watano. Alikuwa amechutama mbele ya mafiga, sufuria imeshaanza kutokota, na kisima kilikuwa nyuma yake, karibu kiasi kwamba angeweza kukiegemea. Kilikuwa miongoni mwa vile kumi na vinne.

"Chura, karibu. Umekuja kuonja?"

Chura alichukua birika la maji lililokuwa pembeni, akamwaga lote mafigani. Majivu yalipanda, watoto wakakohoa.

Mama akasimama, mwiko mkononi. "Umerukwa na akili?"

"Usiwashe moto hapa. Wala ndani. Wala taa ya mafuta. Chukua watoto uwasogeze kule barabarani."

"Mpaka lini?"

Alikuwa ameshafika kwenye ua wa pili, na mwenye nyumba ile alikuwa anaitafuta njiti iliyobaki kwenye kiberiti chake, anakitikisa sikioni. Mama yule alimfuata mpaka kwenye uzio na kumuuliza tena, kwa sauti ya chini, kwa sababu sasa naye alikuwa amesikia kisima chake kikichemka.

"Chura. Mpaka lini?"